Upande Aliosimama Wifi

Ndoa ya kaka yangu ilipovunjika, watu walikuja kumpa pole yeye. Walijaa sebuleni, wakamwambia ale, alale, yatapita. Mimi nilikuwa jikoni nawaoshea vikombe. Hakuna aliyekumbuka kwamba siku kaka alipopoteza mke, mimi nilipoteza fundi mwenzangu.

Miaka sita nilifanya kazi ya mabomba na wifi. Mama akatoa amri: yule asikanyage tena kwetu, na mwanawe yeyote asimpigie simu. Nikafuta jina lake kwenye simu. Namba ilibaki kichwani.

Mwezi wa nne tangu aondoke, niliingia peke yangu kwenye chumba cha mitambo cha bwawa la kuogelea. Ni bwawa la wazee wanaofanyia viungo mazoezi majini, na maji yakiwa baridi viungo vyao hugoma. Hita ilikuwa imeota ukoko wa chokaa ndani, maji yanapita humo kama yanaomba ruhusa.

"Leo mko wangapi?" mwalimu wa kuogelea aliuliza, akichungulia mlangoni na taulo shingoni.

"Niko mimi."

"Na yule mcheshi?"

"Ana kazi kwingine."

"Haya. Wazee wangu wanaingia majini kesho saa mbili asubuhi, dada. Wakikuta barafu, watanitoa roho mimi, si wewe."

Akacheka, akaenda zake. Nilitamani abaki kidogo.

Kazi yenyewe si ngumu ukiijua. Unazima hita, unafunga vali mbili zinazoitenga na bwawa, unafungua yunioni mbili, yale maungio ya bomba: ya maji yanayoingia na ya maji yanayotoka. Pa kuingilia unafunga kiungio chenye mpira unaotoka kwenye pampu ndogo. Pa kutokea, mpira unaorudi kwenye ndoo. Ndani ya ndoo kuna maji na asidi hafifu. Pampu inazungusha, asidi inatafuna chokaa, ndoo inajaa povu. Povu likikoma, chokaa imekwisha, unasuuza.

Ila tuliizoea kama kazi ya watu wawili wanaotazamana. Wifi alisimama upande wa vali na pampu, mimi ng'ambo, hita katikati yetu. Siku za mwanzo tuligombana mpaka basi.

"Lete mpira, mkono wa kulia!"

"Kulia kwako au kwangu, wifi?"

"Kulia kwa mwenye akili."

"Basi leo hatufungi kitu, sote hatuna."

Mwisho tukakubaliana kwamba kulia ni kwangu siku zote, kwa kuwa mimi ni dada wa mumewe na lazima nideke. Maji yanaingia kulia. Tangu hapo hatukuulizana tena, mikono ilijua yenyewe.

Nilivaa miwani na glavu. Nikazungushia nyuzi za viungio tepu nyeupe, nikavikaza kwa spana, nikaibana mipira kwa klipu. Kila nilipomaliza hatua nilisema kwa sauti, "Tayari," kama zamani, halafu nikajikuta nangoja. Nikawasha pampu.

Pampu ikanguruma, lakini mpira wa kurudi ulibaki mkavu. Ule wa kwanza ukavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, kisha ukachomoka. Asidi ikanirukia kwenye aproni na kutapakaa sakafuni. Nikachomoa waya wa pampu, nikavuta mpira wa maji safi, nikamwaga na kumwaga mpaka saruji ikaacha kuchemka.

Nikakagua vali. Nikakagua klipu. Vyote sawa. Basi hita imeziba moja kwa moja, nikajiambia, na wazee watarudishwa makwao. Nikakaa juu ya sanduku la vifaa. Na pale, badala ya kuhuzunika, moyo ukanichangamka, maana sasa nilikuwa na sababu ya kumpigia. Hita nilitaka ipone, ndiyo. Lakini nilichokitaka zaidi ni wifi arudi kazini.

Alipokea mlio wa pili.

"Hujambo."

Zamani angesema, "Umekosa wa kumsumbua, wewe?"

"Sijambo, wifi. Niko bwawani kwa wazee. Hita haipitishi kitu, asidi imenirukia."

"Imegusa ngozi?"

"Aproni tu."

"Suuza hata hivyo. Ile aproni yako ina matundu kama chujio."

Nilicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Yeye hakucheka.

"Mpira wa pampu umeufunga wapi?"

"Kulia."

"Umesimama wapi?"

Nikafumbua mdomo, nikatazama miguu yangu. Nilikuwa karibu na swichi ya pampu, kwa sababu leo hapakuwa na mwingine wa kuiwasha.

"Upande wako," nikasema.

"Basi kulia kwako huko ndiko maji yanakotokea. Na pale pana vali ya njia moja, hairudishi maji hata uipigie magoti. Badilisha mipira."

"Nimekuwa mjinga."

"Umekuwa peke yako," akasema.

Nikaona ndiyo nafasi.

"Wifi, keshokutwa nina hita nyingine. Njoo tuifanye. Mama hatajua."

Huko aliko, mtu alikuwa akigonga chuma, na sauti ya kiume ikamwita akashike ngazi.

"Nimeajiriwa," akasema. "Hospitali, kwenye matengenezo. Tuko watano. Halafu kwa nini mama yako asijue? Mimi ni mwizi?"

"Nitazungumza naye."

"Miezi minne hukuzungumza naye. Hata kunipigia mimi, umengoja hita ikushinde."

Mama alikuwa ametoa amri, lakini vidole vilivyokaa bila kubonyeza namba vilikuwa vyangu.

"Kazi njema, fundi," akasema. "Miwani usivue."

Akakata. Miaka sita hakuwahi kuniita fundi.

Nikabadilisha mipira. Asidi iliyobaki nikaiongezea maji, nikawasha pampu, na mara hii mpira wa kurudi ukatikisika na kutema uji mweupe ndani ya ndoo. Nililitazama povu saa nzima na nusu. Lilipokoma nikasuuza mara tatu, nikarudisha yunioni, nikafungua vali, nikawasha hita.

Mwalimu alikuja akatia mkono bwawani, pale maji yanapoingilia.

"Ya uvuguvugu! Ulikuwa unaongea na nani humo ndani?"

"Na fundi mmoja wa hospitali."

"Akaja kukusaidia?"

"Hapana. Hatakuja."

Akaniangalia kidogo, akanigusa bega, akaenda kuwapigia wazee wake.

Nilirudi kwenye chumba cha mitambo. Nikafuta vumbi kwenye mabomba mawili, nikatoa kalamu ya wino mzito, nikachora mshale kwenye kila moja na kuandika kwa herufi kubwa: KUINGIA. KUTOKA. Nikasimama upande wa pampu, nikasoma. Nikazunguka ng'ambo, nikasoma. Yalisomeka kote. Nikafunika kalamu, nikaanza kukunja mipira.