Faili la Shemeji

Nyumbani kwao walimwita Inspekta, ingawa hakuwahi kuvaa sare ya polisi hata siku moja. Jina hilo alibandikwa na kaka yake tangu wakiwa wadogo, kwa sababu hakunywa maziwa bila kuyanusa kwanza, hata yale ambayo mama yao ameyachemsha mbele ya macho yake. Akakua, akasomea urubani, akapata leseni, na bado ananusa. Mtu wa namna hiyo ukimpa zawadi ataigeuza atafute kasoro chini, na asipoiona ndipo atakapokushuku zaidi.

Leseni yake ilimruhusu kuruka pale tu anapoona nje. Wingu likishuka, anabaki chini akipiga miayo, huku wanaopaa ni wenzake wenye kibali cha kuruka kwa vyombo, wale wanaoongozwa na saa na mishale iliyo mbele yao hata kama nje ni ukungu mtupu. Kampuni moja ya kusafirisha wagonjwa ilikuwa na kiti kimoja kitupu, na ilimtaka mwenye kibali hicho. Waombaji walibaki wawili: Inspekta na mdogo wa shemeji yake, yaani mdogo wa mke wa kaka yake. Chuo kimoja, mtihani mmoja, kiti kimoja. Inspekta alikitaka kiti hicho mpaka akawa anakiota.

Mkufunzi aliwaambia wachague kitu kimoja cha kusomea na wakishike barabara, maana anayeparamia vitabu vitano huishia kujua majalada matano. Basi Inspekta akavitandaza kitandani vitu vitatu, akavizunguka kama mnunuzi wa mbuzi.

Cha kwanza kilikuwa kitabu kinene cha maktaba, chenye picha ya rubani anayecheka. Hakukipenda. Mtu anayecheka hivyo, alijiambia, hajawahi kuingia ndani ya wingu. Cha pili kilikuwa programu ya simu, maswali na majibu tele. Nani aliyeyaandika hayo majibu? Haikusema. Mtu anayeficha jina lake ana lake jambo. Cha tatu kilikuwa faili la shemeji mwenyewe, rubani aliyepata kibali mwaka uliopita. Alikuwa amelileta kwa mkono wake, maelezo ya kalamu nyekundu yamejaa pembeni, na mwishoni mwake zimepangwa karatasi za kutua. Kila uwanja una yake: inamwonyesha rubani njia ya kushuka akiwa haoni kitu, na kimo ambacho haruhusiwi kwenda chini yake mpaka auone uwanja kwa macho.

Lilikuwa faili zuri mno, na hapo ndipo machale yalipomcheza.

Akalipekua ukurasa kwa ukurasa. Kufika kwenye karatasi za kutua, akakuta pengo. Viwanja vya mbali vilikuwapo, hata vile ambavyo siku hizi ng'ombe ndio wanaovitumia. Uwanja wao wenyewe, ule ambako mtihani ungemalizikia, haukuwapo. Kwenye vyuma vya faili kilikuwa kimenasa kipande kidogo cha karatasi. Mtu alizichomoa karatasi za uwanja huo.

Kwa nini zile tu? Inspekta hakuhitaji kufikiri sana, na kwa kweli hakufikiri. Shemeji ana mdogo wake, na damu nzito kuliko maji. Kikulacho ki nguoni mwako. Akalifunga faili, akalisukuma chini ya kitanda, na uchungu ukamkaa rohoni, kwa sababu shemeji huyo alikuwa akimpenda kama dada.

Jumapili alikwenda kula kwa kaka yake kama kawaida. Aliketi kwenye kona ya meza ambapo anaona nyuso zote.

"Inspekta, chakula hakijatiwa sumu," kaka yake alimwambia. "Mimi nimeshaanza, na niko hai."

"Nasubiri kipoe tu, kaka."

Shemeji alimsogezea bakuli. "Faili linakusaidia, shemeji?"

"Sana. Halina hata mfano."

"Na karatasi za uwanja wetu, umeshapata?"

Kumbe ana ujasiri wa kuuliza, alijisemea. Anapima kama nimegundua. Akatabasamu tabasamu la mtu anayejua zaidi ya anavyoonyesha.

"Nimezipata," akasema, ilhali hakuwa nazo.

"Haya, basi nimetulia. Nilitaka kukukumbusha."

Huyo ndiye mwanamke aliyekuwa akimnyooshea mkono wa kumwokoa, naye akaukwepa, akajiona mjanja. Wajanja wa aina hii ukiwaambia nyumba inaungua, wanakuuliza unafaidika nini wakitoka.

Kesho yake alikwenda kwenye duka la fotokopi lililo mkabala na lango la chuo, ambapo wanafunzi wanaomaliza huacha karatasi zao. Mwenye duka, mwanamume mchangamfu mwenye wino vidoleni, alimtolea bunda la karatasi za kutua lililofungwa kwa mpira.

"Hii kamili," alisema. "Haina pengo hata moja."

Inspekta alilinusa. Lilinuka vumbi na karatasi tu. Lilikuwa limekamilika kweli, uwanja wao ukiwa wa kwanza juu. Duka halina mdogo wake anayegombea kiti, akawaza, na wazo hilo likamtuliza. Akalichagua bunda hilo. Akalisoma mpaka namba zikawa zinamjia bila kuitwa: uwanja wetu, futi mia nne, usishuke zaidi. Kila siku alilisoma akipita chini ya mnara mpya wa simu uliosimikwa karibu na uwanja, mnara ambao naye aliushuku: aliamini unamlia bando lake. Mazoezi ya angani walifanyia uwanja wa jirani, kwani uwanja wao ulikuwa na ndege nyingi, kwa hiyo hakuna aliyemsikia akiitaja ile namba.

Siku ya mtihani mbingu ilikuwa safi. Mtahini, mama mmoja mkimya, alimvalisha kofia yenye ukingo mrefu unaomziba asione nje, abaki na vyombo peke yake.

"Karatasi zako ni za sasa?" aliuliza kabla hawajaondoka.

"Ndiyo, mama. Na zimekamilika."

Aliruka vizuri; tusimnyime haki yake. Mgongo ulimwambia ndege imelalia kushoto, vyombo vikasema imenyooka, naye akaviamini vyombo. Hilo ndilo somo gumu kuliko yote, na mtu huyu asiyeamini maziwa ya mama yake alikuwa amelimudu. Wakaanza kushuka kwenye uwanja wao. Akaitaja namba kwa sauti, kama inavyotakiwa: futi mia nne. Mtahini alisogeza mikono karibu na usukani. Mia nane. Mia saba. Mia sita.

"Nachukua ndege," mtahini alisema, na pua ya ndege ikainuka. "Vua kofia. Tazama kulia."

Inspekta akavua. Mnara wa simu ulikuwa pale, karibu kiasi kwamba aliziona kamba zake za chuma. Mtahini akaishusha ndege mwenyewe mpaka ikasimama chini.

"Hii karatasi yako ni ya kabla ya mnara," mtahini alimwambia wakiwa bado wamekaa ndani. "Siku hizi mwisho ni mia saba. Mpya ziko ofisi ya taarifa za marubani, ni kuuliza tu. Ungekuwa ndani ya wingu, na mgonjwa nyuma..." Hakumalizia. Akaandika kwamba amefeli.

Sheria hiyo Inspekta aliijua. Karatasi mpya ikitoka, ya zamani huchomolewa na kuchanwa, isije ikamfikia mtu mwingine. Alipoanza chuo, kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyohiyo, kuzichana, na alizichana kwa raha. Aliijua, na haikumjia akilini, kwa kuwa alikuwa anatafuta mwizi.

Jioni alimpelekea shemeji faili lake. Alimkuta jikoni.

"Ulizichomoa kwa sababu zilikuwa zimepitwa," alisema.

"Sasa ningekuachia zikuue?" Shemeji alimtazama vizuri. "Si uliniambia umeshapata mpya?"

"Nilikudanganya, shemeji. Nilidhani zile za kwetu umempa mdogo wako."

Shemeji aliendelea kufuta meza iliyokuwa safi tayari.

"Mdogo wangu aliliomba hilo faili," alisema mwishowe. "Alilia. Nikamwambia nimeshakuahidi wewe. Kasoma kile kitabu cha maktaba, cha mtu anayecheka."

"Amefaulu?"

"Amefaulu."

Inspekta aliketi. Aliona haya, haya ya kweli, ya kumfanya mtu atazame vidole vyake vya miguu. Akaomba radhi, na shemeji akaitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa bado linamuuma. Kisha akammiminia kikombe cha maziwa, akakiweka mbele yake, akasimama kumtazama.

Inspekta akakiinua mpaka karibu na pua. Akakishusha.

"Shemeji," akauliza, "haya maziwa ni ya leo?"

"Ya leo."

Akanywa.