Goti Lililojua Mvua

Mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyeijua mvua kama Bibi Goti. Goti lake la kushoto likiuma tu, watu waliondoa nguo kambani hata kama jua linachoma. Ni kweli nguo nyingi zilinuka uvundo ndani bure, na ni kweli mwaka jana goti lilinyamaza kimya wakati godoro la wifi yake linaelea. Lakini nani hakosei? Hata jogoo huwika saa nane.

Sasa wifi huyo huyo, dada wa marehemu mumewe, alitaka kuezua nyumba na kuiezeka upya. Bati zilikuwa zimetoboka kama chujio, na fundi alihitaji siku tatu kavu. Ndani mlikuwa na cherehani, vitambaa vya wateja, na binti aliyejifungua juzi.

"Taja siku, wifi," alisema. "Ila mjukuu wangu akilowa, hilo goti nitaling'oa nilitie kwenye supu."

Bibi Goti alicheka, akaahidi. Alipofika kwake akalibonyeza goti. Kimya.

Asubuhi akaaga kuwa anakwenda zahanati, akapinda kona mpaka kituo cha hali ya hewa, kile chenye sanduku jeupe ambalo miaka yote alidhani ni mzinga wa nyuki. Mpimaji, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira, alimkalisha mbele ya kompyuta. Bibi akaomba siku tatu kavu kama anayechagua nyanya sokoni. Mpimaji akamweleza kuwa hali ya hewa ni ya leo na kesho, lakini tabianchi ni mazoea ya miaka mingi.

"Kumbe nchi nayo ina tabia," Bibi Goti akasema. "Kama wifi yangu. Leo anacheka, lakini ukimjua miaka thelathini, unajua lini atanuna."

Mpimaji akacheka, akasema ndivyo hasa: tabia ikuchagulie wiki, kisha utabiri ukuchagulie siku. Vyote viko wazi kwenye tovuti yao, hata kwa simu.

Kisha akamfungulia kumbukumbu za mvua za zamani. Kwa kumjaribu tu, Bibi Goti akataja tarehe aliyomzaa mwanawe wa kwanza.

"Milimita arobaini na moja, mama. Ilikuwa kubwa."

Bibi Goti akaikumbuka. Siku ile alilia peke yake, mvua ikipiga bati hata mkunga wa nyumba ya pili asimsikie. Kumbe kulipokucha, mtu asiyemjua alijifunika koti, akainamia kopo la kupimia mvua, akasoma, akaandika. Na kesho yake tena. Watu wakizaliwa, watu wakizikwa, yeye na kopo lake. Mpimaji akamwonyesha na mawingu yalivyo sasa hivi, yakizunguka juu ya nchi na bahari kama maziwa kwenye chai.

"Anayepiga picha hii kasimama wapi?"

"Ni mtambo, mama. Uko juu kabisa, angani."

Bibi Goti akajikuta amesimama wima, kama mtu aliyeona mkubwa akiingia chumbani.

Wiki ikachaguliwa, kisha siku tatu. Siku mbili za kwanza jua liliwaka. Siku ya tatu, bati chache zikiwa bado, wingu jeusi likachomoza. Wifi akamkumbatia mtoto. Bibi Goti akajifanya kwenda msalani, akachungulia simu, akarudi akichechemea na kulikanda goti.

"Gongeni," akamwambia fundi. "Wingu hilo linapita. Goti linasema hakuna mvua, asilimia tisini."

Fundi akagonga. Wingu likajivuta kando, likaenda kumwaga mzigo wake mbali huko. Wifi aliliangalia mpaka likaisha, kisha akamgeukia.

"Wifi yangu," akasema taratibu, "hiyo asilimia kumi iliyobaki iko kwenye goti lipi?"