Msafara wa Kamelia

Kazi ya Getruda ilikuwa kufagia maua yaliyoanguka kabla Memsabu hajatoka barazani kunywa chai ya jioni. Mti wenyewe ulikuwa mmoja tu. Uliletwa kutoka Ulaya ndani ya pipa, ukapanda meli, ukapanda gari la moshi kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora, kisha ukajengewa kivuli cha turubai pembeni ya baraza, kwa kuwa haukupatana na jua la Unyamwezi. Memsabu aliuita kamelia. Majani yake yalikuwa mazito, yanang'aa utadhani yamepakwa samli, na maua yake mekundu hayakuwa na harufu hata chembe. Tena hayakupukutika kama maua mengine. Waridi humwaga petali zake moja moja, lakini kamelia hudondoka zima, bado bichi, uso juu, kama mtu aliyejilaza kidogo tu.

Mwaka wa pili wa kuchanua, katikati ya kipupwe, yakainuka.

Getruda alikuwa amekwenda kuchukua kapu. Aliporudi aliyakuta yamesimama juu ya petali zake za chini, yamejipanga mstari mmoja, kila moja limejitwika jani kavu. Lililotangulia lilikuwa kubwa kuliko yote na jani lake lilikuwa jepesi, kama ilivyo haki ya kirangozi anayeongoza msafara. Yakafuata njia ya changarawe mpaka getini. Geti lilikuwa limefungwa, nayo yakasimama yakangoja. Getruda akafungua, maana si ustaarabu kumweka mlangoni mtu mwenye mzigo. Yakavuka barabara ya Kitete, yakateremka kwenye bonde dogo lililo ng'ambo, yakatua majani yao, yakalala. Asubuhi yalikuwa yamenyauka.

Ikawa hivyo kila jioni. Memsabu alisema yasikanyagwe, na kazi ya kufungua geti ikaongezwa juu ya kazi za Getruda.

Wazee wa mtaa wa Cheyo waliokuwa wapagazi enzi zao walikuja kutazama. Juu ya maua kutembea hawakuwa na neno. Kilichowaudhi ni kwamba yalibeba kichwani, na Mnyamwezi tangu zamani hubeba begani. Mmoja wao akayatetea, akasema ua halina bega. Wenzake wakakubali shingo upande. Walipoona msafara umelala bondeni wakavua kofia.

“Hawa ni wale wa mwaka wa vita, walipoingia Wabelgiji,” akasema mzee mmoja. “Kambi ya wapagazi ilikuwa hapa. Tumbo la kuhara liliwamaliza. Walifukiwa shimo moja.”

Lukumani, mtunza bustani, alisikia maneno hayo akaketi chini. Kamelia haikubali kila udongo. Hutaka udongo mweusi, mchachu, wa majani yaliyooza, na yeye ndiye aliyeupata, mle mle bondeni, mahali ambapo ardhi ilikuwa imezama bila sababu. Aliuchota kwa toroli mpaka pipa likajaa. Vipande vya mifupa vilitoka pamoja na udongo, akadhani ni vya mbuzi. Memsabu naye aliongeza makapi ya chai kila asubuhi, akieleza kwamba chai na kamelia ni ndugu wa ukoo mmoja. Getruda hakulipenda hilo tangu mwanzo. Kwao Puge mtu halishwi ndugu yake.

Sasa Getruda mwenyewe alikuwa na shida yake, nayo ilijulikana na kila mtu. Kabla ya vita aliolewa kanisani na mpagazi aitwaye Raymundi. Ndoa haijakomaa, askari wakaja wakamchukua Raymundi akabebe mizigo ya jeshi. Hakurudi. Hakuna aliyemwona akifa, na kwa hiyo kwa Kanisa hakufa. Lukumani alimpenda Getruda, akamwomba wafunge ndoa, akajifunza katekisimu yote mpaka akawa anamkosoa katekista, akabatizwa. Padri alifurahi sana kumbatiza. Kuhusu ndoa alisema mke wa mtu ni mke wa mtu mpaka kifo kithibitike, naye hakuyumba. Miaka ikapita. Getruda alikuwa amevuka thelathini zamani, alimtaka Lukumani, na alitaka mtoto kabla mwili haujakataa. Aliyataka yote mawili waziwazi, wala hakuona haya.

Jioni moja aliliangalia vizuri ua la mwisho katika msafara. Lilikuwa na pengo upande wa kushoto, nalo lilichechemea. Raymundi alichechemea mguu wa kushoto tangu ujanani, sanduku la misumari lilipomwangukia kwenye njia ya Puge. Zaidi ya hayo alikuwa na desturi yake. Kila alipokutana na mkewe njiani alitua mzigo kwanza, hata kama nyumba inaonekana pale, kwa sababu alisema mwanamume hamsalimii mkewe akiwa amejitwika. Ua likafika getini, likamwona Getruda, likatua jani lake.

“Raymundi,” Getruda akasema kwa Kinyamwezi, “kumbe uko hapa hapa.”

Ua halikujibu. Raymundi naye hakuwa msemaji. Likapumzika kidogo, likajitwika, likawafuata wenzake.

Getruda alishika geti akalia. Alimlilia Raymundi, aliyekufa kwa tumbo bila mtu wa kumpa maji. Kisha akajililia mwenyewe, kwa miaka yote aliyomtazamia kutoka mbali, kumbe amelala ng'ambo ya barabara, mahali ambapo ungemwita mtu akakuitikia. Alipokwisha kulia akajipangusa kwa kanga, akaenda kumwambia Lukumani kwamba sasa wanaweza kuoana.

Lukumani hakuruka kwa furaha. “Basi mimi ndiye niliyemchimba,” akasema.

“Ulitumwa udongo.”

“Nilitumwa. Lakini ile mifupa sikuiuliza.”

“Nitakuulizia mimi,” akasema Getruda.

Padri alikuja kutazama kwa macho yake.

“Tumsifu Yesu Kristu, Padri,” akasema Getruda.

“Milele na milele, amina.” Akasimama getini, mikono nyuma, mpaka ua la mwisho likapita, likatua, likajitwika tena. “Naam,” akakiri, “linachechemea. Na mzigo linatua. Sikatai, mwanangu. Lakini kuchechemea si ushahidi wa kifo. Waliokufa hawachechemei. Serikali ikisema kuna maiti ya mumeo pale, nitawafungisha ndoa kesho yake.”

Wakaenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mume wa Memsabu. Aliwasikiliza barazani, saa ile ile ya msafara, akavuta kiti chake nyuma maua yapate nafasi. Walichoomba kilikuwa kidogo: bonde lichimbwe, mifupa izikwe kwa heshima, na isemwe kwamba hapa walikufa watu. Bwana Shauri hakuwa mtu mkali. Aliwajibu kwa Kiswahili kizuri, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

“Serikali haina habari ya maiti mahali pale. Waliozikwa wakati wa vita wana makaburi, na kila kaburi lina jiwe. Pale hapana jiwe. Pale ni mahali wazi.”

“Kuna mifupa, Bwana,” akasema Lukumani. “Mimi niliitoa.”

“Ulidhani ni mifupa ya nini?”

“Ya mbuzi, Bwana.”

“Ulidhani vyema,” akasema Bwana Shauri. Akaongeza kwamba, kwa bahati, mahali penyewe pamekwisha kupata kazi. Patajazwa, patasawazishwa, patakuwa kiwanja cha tenisi.

Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Raymundi alikuwepo, tena kila jioni, na lake vilevile halikuwepo.

Wafungwa walileta udongo wa kichuguu, wakaumwaga bondeni, wakaushindilia mpaka ukawa mgumu kama sakafu, wakachora mistari ya chokaa. Lukumani aliambiwa asaidie kushindilia, akakataa, akafukuzwa. Akapata kazi ya kupakia magunia ya karanga stesheni. Getruda alibaki kazini, kwa kuwa bila yeye Raymundi asingefunguliwa geti. Lakini mvua zilipokwisha alifunga virago vyake akahamia kwa Lukumani, Cheyo, bila pete wala baraka. Jumapili aliketi benchi la nyuma kabisa, na wenzake walipokwenda altareni kukomunika yeye alibaki amekaa, ameitazama mikono yake. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Kila Jumapili lilimuuma upya.

Kipupwe kikarudi, mti ukachanua, msafara ukaanza tena. Sasa njia yake ilikatiza katikati ya kiwanja cha tenisi. Wachezaji walizoea upesi. Kirangozi akionekana getini, Memsabu huinua mkono, mpira hushikwa, na wote husimama na raketi zao kwapani mpaka msafara ukatue kwenye mstari wa chokaa wa mbali. Kisha maua hukusanywa kwa beleshi, na mchezo huendelea.

Jioni moja Padri alialikwa chai, akaketishwa kwenye benchi kando ya kiwanja. Getruda alikuwa getini, tumbo limeanza kuonekana chini ya kanga. Maua yakaja. Padri akainua pindo la kanzu yake na kuvuta miguu chini ya benchi ili yapite. La mwisho likachechemea mpaka kwa Getruda, likatua jani, likakaa hapo miguuni pake. Siku ile lilikawia kuliko kawaida. Padri aliliachia muda wake, kikombe mkononi, hakunywa. Lilipojitwika likaenda zake, ndipo akamwita, naye Getruda akavuka barabara.

“Getruda, naona una mzigo.”

“Ndiyo, Padri.”

“Akizaliwa mlete, nitambatiza. Mtoto hana kosa.” Akakoroga chai yake. “Lakini usije ukanitajia Lukumani pale kwenye ubatizo. Wewe ni mke wa mtu. Kwa sheria mtoto huyo ni wa Raymundi.”

Getruda alilitazama ua, ambalo sasa lilikuwa limefika kwenye wavu, linapita chini yake.

“Na Raymundi mwenyewe je, Padri? Atasemaje?”

“Usiogope,” akasema Padri kwa upole, naye alikuwa anasema kweli kutoka moyoni. “Siku atakaporudi, nitazungumza naye mimi mwenyewe.”

“Ahsante, Padri,” akasema Getruda, akaenda kufunga geti.