Karibu au Karibuni

Mwenyekiti Muharami wa kitongoji cha Mkwajuni, njia ya kwenda Chiwata, alikuwa na sifa moja aliyopenda isemwe mbele ya wageni: tangu ashike uongozi, hakuna ndoa iliyovunjika. Mbavu zilivunjika, hilo hakulikana. Meno yaling'oka, na mwanamke mmoja kule bondeni hasikii tena kwa sikio la kushoto. Lakini ndoa, alhamdulillahi, zote zilikuwa zimesimama.

Dawa yake ilikuwa kikao, soda na methali. Akiitwa kwenye ugomvi huketi, hukohoa, huivua kofia na kuiweka gotini, kisha husema, "Vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana." Wazee hutikisa vichwa, mke hufuta machozi, mume huahidi, soda hunywewa, watu hutawanyika. Dawa hiyo ilifanya kazi kila mahali isipokuwa kwa Veridiana, mama Salome. Siku aliyoambiwa habari ya vikombe, yule mama aliuliza kwa upole kabisa, "Samahani mwenyekiti, mbona kinachopasuka kila siku ni kimoja?" Muharami alitafuta methali ya kujibu hilo, hakuipata, akaomba soda nyingine.

Basi Veridiana akachoka kuwa kikombe. Alipanda bodaboda hadi Masasi mjini, kwenye Dawati la Jinsia la polisi, na kutoka huko akapelekwa mahakamani. Amri ilipotoka ililetwa na askari Kulwa, binti wa Kisukuma mwenye maneno machache, akaisoma mbele ya mwenyekiti na mbele ya Nikolao, mume mwenyewe. Nikolao asimkaribie Veridiana, asimbughudhi, asiingie nyumbani kwake wala asimfuate shambani, mpaka mahakama itakapoamua vinginevyo. Akivunja, akamatwe.

"Nifukuzwe nyumbani kwangu?" Nikolao akafura.

"Nyumba ya nani, kaka?" Kulwa akauliza.

Watu wakaangalia pembeni. Nyumba ilikuwa ya mama yake Veridiana, na shamba la mikorosho nalo la ukoo wa mama, maana huku tangu zamani mwanamume hufuata ukweni. Nikolao alishuka kutoka Newala kuja kuoa akiwa na begi na redio. Sasa akarudi Newala kwa mjomba wake na lile begi, redio ikiwa imekufa siku nyingi.

"Shikamoo mzee," Kulwa alimwambia Muharami wakati wa kuaga. "Huyu mtu akionekana huku, unapiga simu palepale. Tumeelewana?"

"Marahaba, mwanangu. Tumeelewana."

Na amri ikafanya kazi yake, asikudanganye mtu. Veridiana akalala usingizi hadi jogoo. Salome akaacha kushtuka mlango ukigongwa. Jioni moja majirani walisikia kicheko kutoka nyumba ile, wengine wakakasirika, kwa sababu mwanamke aliyeachwa na mume hatakiwi kucheka namna hiyo.

Aliyekonda ni Muharami. Kwa Veridiana ile karatasi ilikuwa usingizi. Kwake ilikuwa doa. Watu wa kijiwe cha kahawa wakaanza kumtania, "Mwenyekiti, ile rekodi yako imekwenda Newala na begi?" Akawa anachukua nakala yake ya amri, anaisoma juu kwenda chini, chini kwenda juu, akitafuta upenyo kama panya kwenye ghala. Siku alipouona alipiga goti lake kofi.

"Sikilizeni," aliwaambia wa kijiweni. "Imeandikwa asimkaribie. Kukaribia ni mtu kujisogeza mwenyewe. Je, mtu akikaribishwa? Huyo hajajisogeza, amesogezwa! Amri haisemi popote kwamba asikaribishwe."

Wakamsifu sana, na lile la asiingie nyumbani wakaliruka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama Veridiana anataka kumkaribisha mtu. Siku hiyohiyo Muharami akampigia simu Nikolao.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, mwenyekiti alisimama mlangoni kwa Veridiana akiwa na kanzu safi. Nikolao alijibanza nyuma ya jiko la nje na kreti ya soda begani.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwenyekiti," sauti ikajibu kutoka ndani, na mlango ukafunguliwa.

Akaingia Muharami, na nyuma yake ikaingia kreti, na chini ya kreti Nikolao na shati lililopigwa pasi. Veridiana alisimama hapohapo alipokuwa.

"Mwenyekiti. Na amri?"

"Amri inasema asikaribie, mama. Wewe umetukaribisha." Akaketi, akavua kofia.

Veridiana alimtuma Salome kwa jirani, Mama Godfrey. Kisha akasikiliza hotuba ya subira akiwa amesimama karibu na mlango. Nikolao alilia, na alilia vizuri, hata Muharami akaona macho yake mwenyewe yanalowa. Ndipo Nikolao akasema, "Mwenyekiti, tupishe kidogo, nimwombe radhi mke wangu faragha."

"Usitoke, mwenyekiti," Veridiana alisema. "Nakuomba, usitoke."

Muharami alitabasamu, vile mtu anavyomtabasamia mtoto anayekataa dawa, akatoka.

Alikuwa amefika kwenye uzio, akipanga maneno ya kwenda kuwaambia kijiweni, aliposikia chupa zinapasuka. Kisha akasikia akiitwa. Veridiana hakumwita Mungu, wala mama yake mzazi. Aliita, "Mwenyekiti! Mwenyekiti!" Na mwenyekiti, mtu wa vikao vyote vile, alibaki ameshika uzio. Mama Godfrey alimpita mbio na mchi wa kinu mkononi, akapiga yowe lililowaleta vijana wa bodaboda, na hao ndio waliomtoa Nikolao nje. Mkono wa Veridiana ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Ungedhani Mkwajuni nzima ingeinamisha kichwa. Thubutu! Nikolao, kutoka mahabusu, alijitetea kwamba alikaribishwa, eti mke alisema "karibuni", na kitongoji kikajigawa. Kundi moja likasema alitamka "karibu", la mwenyekiti peke yake. Kundi la pili likasema ni "karibuni", wote wawili. Mkono uliovunjika ukasahaulika, watu wakashughulikia sarufi. Mwalimu Christopher, mtu wa Bukoba, aliitwa kijiweni kutoa ufafanuzi. Alisema hiyo "ni" ya mwisho ni ya wingi. Mzee mmoja akapinga kwamba yeye huambiwa karibuni hata akienda peke yake, kwa heshima. Walikaribia kushikana mashati.

Mlangoni siku ile alisimama Muharami, basi masikio yaliyobaki kuulizwa yalikuwa yake. Mjomba wa Nikolao alishuka kutoka Newala kumwona.

"Ndugu yangu, ni herufi mbili tu," alisema. "Ukiziongeza, kijana anatoka. Na wewe unakuwa hukumleta mtu. Mlikaribishwa nyote. Usipoziongeza, wataanza kukuuliza habari za ile simu uliyompigia."

Muharami alijua Nikolao akitoka atakwenda wapi. Alijua ataingia mlango gani, na safari hii huenda Mama Godfrey akawa yuko shambani. Alijua hayo yote, na bado zile herufi mbili zilimkaa mdomoni zikiwa tamu.

Mahakamani aliapa, Wallahi, Billahi, Tallahi. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akamwuliza alisikia nini alipobisha.

"Alisema karibuni, mheshimiwa."

Watu wa Mkwajuni waliojaa nyuma wakaguna, nusu kwa furaha, nusu kwa hasira. Nikolao akatabasamu. Hakimu hata kalamu hakuinua.

"Mzee Muharami, hata angesema karibuni kwa ngoma na vigelegele, haisaidii kitu. Amri hii si ya Mama Salome, hawezi kuifuta kwa kuitikia hodi. Ni ya mahakama. Aliyezuiwa ni mshtakiwa, alisomewa, akaelewa, akaenda. Kosa lake limekamilika pale alipokanyaga kizingiti."

Muharami ameapa kwa Mungu, amesema uongo, na uongo wenyewe ulikuwa hauhitajiki.

"Mimi nina swali jingine," hakimu aliendelea. "Ulipobisha, ulimwambia yule mama kwamba uko na mumewe?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa nini hukumwambia?"

Muharami alifungua mdomo atoe methali. Zilimjia nyingi, za subira, za vikombe, za siri za nyumbani, na kila moja aliyoishika aliiona haina mpini. Veridiana aliketi benchi la mbele, mkono umefungwa hogo la plasta, akimtazama kwa utulivu, akisubiri naye kusikia.

"Kwa sababu," alisema, na sauti yake ikawa ndogo, "ningemwambia, asingefungua."

Hakimu akashika kalamu, akayaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Muharami akaendelea kusimama kizimbani, maana hakuna aliyemwambia aketi.