Duka la Asta Lisilo na Kaunta

Asta Mølgaard alipoing'oa kaunta ya duka la marehemu mumewe, watu wengi wa mji wa Holstebro walidhani ujane umempanda kichwani. Seremala aliikata vipande uani. Rafu zikasogezwa hadi katikati ya sakafu, kila bidhaa ikabandikwa bei, na vikapu vya waya vikapangwa mlangoni. Mteja aingie, ajichukulie anachotaka, alipe wakati wa kutoka. Jambo hilo aliliona Stockholm, alikokwenda kwenye harusi ya binamu yake, na tangu arudi hakuwa na mazungumzo mengine.

Aliyeumia zaidi ni Valdemar, kaka wa mumewe, aliyesimama nyuma ya kaunta ile tangu ujana. Alijua nani hupenda jibini kali na nani mumewe amekatazwa chumvi. Alimsikiliza Asta mpaka mwisho, kisha akavua aproni.

"Shemeji, mahali ambapo hakuna mtu wa kukuuliza unataka nini si duka," alisema. "Ni ghala."

Asta alimwambia amemwekea meza ya jibini. Valdemar akajibu kwamba hawezi kukaa pembeni akiwakodolea watu macho kama mlinzi. Juma lililofuata alikuwa akipima sukari katika duka la Ravn, ng'ambo ya uwanja wa soko.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Wanawake waliingia wakasimama mlangoni, wakingoja kuhudumiwa. Kubeba kikapu kitupu waliona kama kuombaomba, na kushika kitu kabla ya kukilipia waliona kama wizi. Mke wa daktari alikirudisha kikapu kwa ncha za vidole, akasema nyumbani ana mtumishi wa kubeba vitu. Baada ya hapo mtaa mzima wa kanisani ukahamia kwa Ravn. Asta, aliyeamini kwamba watu wanapenda haraka, alibandika tangazo dirishani kuwa kwake hakuna foleni. Ilikuwa kweli, kwa kuwa wateja wenyewe walikuwa wa kuhesabika.

Waliobaki hawakuwa na haraka yoyote. Walikuwa watumishi wa ndani na wake za wafanyakazi wa reli. Walisimama sana mbele ya rafu, wakachukua, wakarudisha, wakachukua kingine. Mmoja wao alikuwa Dagny, mfua nguo aliyekuwa akipita maduka mawili ili afike hapo, ingawa bei zilikuwa zile zile. Jumamosi moja Asta alimwona akirudisha kopo la pichi kwa mara ya tatu, akamsogelea kumuuliza kama anahitaji msaada. Dagny alishtuka.

"Sijaiba kitu, mama."

"Najua. Nauliza tu kama kuna unachotafuta."

Dagny alitazama huku na huku kwanza. "Kwa Ravn nikiuliza bei, duka zima linanyamaza lisikie nitasemaje. Nikisema ni ghali, wameshanijua. Hapa nasoma mwenyewe, narudisha, na hakuna aliyeona. Isipokuwa leo, wewe."

Asta alimwomba radhi, akaenda stoo akakaa juu ya gunia la njegere. Alidhani anachouza ni haraka, kumbe wateja wananunua kuachwa peke yao. Na Valdemar, kwa sauti yake ya upole, alikuwa amewatisha nusu ya mji kwa miaka yote ile bila kujua. Asta naye alikuwa amesimama ubavuni mwake asione.

Akalibandua tangazo. Vibao vya bei akaviandika upya kwa herufi kubwa. Vitu vya bei nafuu akavitoa rafu ya chini, mtu asionekane akiinama kuvitafuta. Msichana wa kupokea pesa alikatazwa kutaja kwa sauti kilichonunuliwa. Makopo machache yalipotea, na Asta akayachukulia kama sehemu ya kodi ya pango.

Kufikia majira ya baridi foleni ilikuwepo kweli. Mke wa daktari alimtuma mtumishi wake kwanza, baadaye akaja mwenyewe. Hatimaye Ravn naye akaing'oa kaunta yake, na Valdemar akakosa kazi mara ya pili.

Alikuja asubuhi moja, akachukua kikapu, akazunguka taratibu. Asta alimwambia nafasi yake bado ipo. Kisha akamweleza aliyoambiwa, bila kumtaja Dagny.

"Waliniogopa mimi?" Valdemar aliuliza.

"Si wewe. Swali lako."

"Nilikuwa nawauliza kwa wema."

"Ndiyo, shemeji."

Alichukua kahawa kwenye rafu, akaitia kikapuni. Mwishowe akasema nafasi ile hataichukua, na kwamba hana kinyongo, ila asimwombe tena. Alilipia kahawa yake akaondoka. Kabla ya Pasaka alikuwa amefungua kibanda cha tumbaku stesheni, na kilimtunza vizuri.

Mwaka uliofuata Asta alifungua duka la pili, katika mji wa Struer. Kila aliyekuja kuomba kazi, jambo la kwanza alilomuuliza ni kama anaweza kunyamaza.