Jino Moja la Gia

Audax alipoirudisha pikipiki gerejini kwa baba akiisukuma, shati limemganda mgongoni, nilijua kwamba mwanaume huyu atanitia wazimu nikiolewa naye. Ilikuwa imemzimikia kwenye kilima cha kwanza njia ya Ngara, mbali na kwetu Runazi, na jua lilikuwa kali. Alitoa shikamoo, baba akaitikia marahaba.

"Chombo kinakwendaje?" baba akauliza.

"Kinakwenda vizuri, baba. Nimeamua tu kunyoosha miguu."

Kwao Lukole, kama kwetu, mchumba hamwambii baba mkwe kwamba amekosea. Na pikipiki ile baba ndiye aliyeibadilishia cheni ya taimingi juzi, zawadi kwa mkwe mtarajiwa, siku niliyolala kwa shangazi Priscila. Sasa ilitaka kupigwa kiki mpaka mguu uchoke ndipo iwake, ilifyatua milio kwenye ekzosi, na ikiona mlima ilikata pumzi. Audax angeisukuma mpaka Lukole kabla ya kufungua mdomo.

Baba yangu, fundi Sostenes, alibadilisha plagi. Injini ikakohoa.

"Sasa imepona, baba," Audax akasema.

Baba akasafisha kabureta. Ikakohoa zaidi.

"Sasa ndiyo kabisa," akasema Audax, nami nikatamani kumrushia spana.

Mimi nilikwisha kujua. Valvu hufunguka na kufunga kwa kufuata pistoni, na cheni ya taimingi ndiyo inayoziunganisha. Fundi anapoivalisha hutazama alama mbili, moja kwenye gurudumu la sumaku chini, nyingine kwenye gia ya juu, ziwe mahali pake kwa wakati mmoja. Akikosea jino moja tu la gia, valvu hazifuati tena pistoni na injini inakosa nguvu. Alama zenyewe ni mikwaruzo midogo, na macho ya baba yameingia ukungu tangu mwaka juzi.

Kila jioni baba akienda kuoga, nilikuwa nafungua injini alizofunga, nakagua alama, narudisha jino lililokosewa. Wateja waliendelea kumsifu, naye akaendelea kutembea kifua mbele, na mimi nilipenda kumwona hivyo. Ndiyo maana wazee wa Audax, waliokuwa waje Jumapili kuchukua jibu la posa, nilikuwa nimeshawaahirishia mara mbili, kwanza kwa malaria ambayo sikuwa nayo, kisha kwa mavuno ya maharage. Nikiwa mke wa mtu kule Lukole, nani angekagua kazi ya baba? Audax alidhani simpendi, maskini, na mimi nampenda hata anapodanganya kwa adabu.

"Labda ni mafuta mabaya," baba akasema.

"Itakuwa mafuta, baba."

Hapo nikashindwa. "Si mafuta. Ni taimingi. Baba, cheni umeikosea."

Audax akainamisha kichwa kama aliyekamatwa anaiba. Nikafungua vifuniko, nikazungusha sumaku polepole mpaka alama ya chini ikakaa mahali pake. Ya juu ilikuwa imepitiliza jino moja. Baba aliinama kutazama, akafinya macho, na nikaona kwamba haoni. Nikakishika kidole chake nikakiweka penyewe, na machozi yakanitoka mbele ya mchumba wangu.

"Na pikipiki ya mwalimu Ndassa?" baba akauliza.

"Niliirudishia jino."

"Ya Mihayo?"

"Hiyo pia."

Akatikisa kichwa. "Najua, mwanangu. Bolti mimi hukaza kwa kiasi. Asubuhi nazikuta zimekazwa na mtu mwenye hasira, na nyumba hii mwenye hasira ni mmoja."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungekosa sababu ya kubaki. Nimekuonea, Koleta. Nilikuwa nakuhitaji, nikakuacha uwadanganye watu wazima kwa malaria yako."

Nilimkumbatia kwa mikono yangu yenye oili, naye akaniacha nilichafue shati lake safi. Kisha akamgeukia Audax.

"Wazee wako waje Jumapili. Na wewe, siku nyingine chombo kikikugomea, sema kimegoma."

"Ndiyo, baba," Audax akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwamini.

Baba akanipa spana, akavuta kiti mpaka kando ya barabara, akakaa. Nikaivalisha cheni upya mchana kweupe, huku namsikia akimwambia kila anayepita, "Mwenye injini mbovu ailete mapema. Fundi wangu anaolewa."