Ng'ombe wa Amran

Nimekamua ng'ombe! Mimi Farhiya, na diploma yangu ya ustawi wa jamii, na viatu vya ofisi miguuni. Ngoja nianze mwanzo, maana naona nitapasuka.

Pale kituo cha afya Garsen kuna mama anaitwa Amran, amelazwa na mtoto wake Siyad, mwenye nimonia. Mtoto alikuwa ameanza kupata nafuu lakini sindano hazijaisha, na leo asubuhi Amran akasema anaenda nyumbani. Sista Bahiya, nesi wa wodi, alimwambia wazi kwamba akikatiza dawa anaweza kumpoteza mtoto.

Nilipoingia nikamkuta Sista ameketi kitandani, anamuuliza mume yuko wapi, watoto wengine wako na nani. Nikawaka. Hayo maswali si yangu? Nikamvuta kando, nikamwambia kwa heshima kwamba mambo ya familia ni ofisi yangu, yeye ana sindano zake.

"Haya, ofisi," akasema. "Mume yuko Chara na mifugo. Watoto wako kwa jirani, wanategemea maziwa ya ng'ombe mmoja aliyezaa juzi. Hakubali mkono wowote ila wa Amran. Jirani kapigwa teke, ndoo ikaruka. Fanya kazi yako sasa."

Chuoni tulifundishwa ushauri nasaha, mateke hapana.

Nikasema tu kwamba nikiwa mdogo nilikuwa nakamua mbuzi wa nyanya yangu. Sista akaniangalia vile mtu anaangalia dawa iliyopatikana stoo. Akamwomba Amran mtandio wake, ng'ombe asikie harufu ya mwenyewe. Amran akanipima juu mpaka chini.

"Na hizo kucha?"

Kucha zangu nyekundu, jamani. Sista akazikata na mkasi wa bandeji, moja moja, huku Amran akinifundisha ule wimbo anaomwimbia ng'ombe wake.

Basi nikapanda boda mpaka bomani kwake. Ng'ombe akanusa mtandio, akanusa tena. Nikamwachia ndama anyonye kwanza, nikaanza kuimba ule wimbo wa Amran. Akageuza masikio. Halafu maziwa yakashuka! Watoto wa Amran walikuwa wamenizunguka na vikombe, wanaucheka wimbo wangu, na mimi nacheka nao huku machozi yananitoka.

Nikapiga simu wodini. Sista akaniambia amemshika Siyad, mtoto analia, na Amran amesimama mlangoni na mzigo wake, tayari kuondoka. Sista akamwekea simu sikioni. Nikamwambia watoto wamekunywa.

"Ndama umemwachia chuchu mbili?" Amran akauliza.

"Nimemwachia, dada."

Nikasikia mzigo wake ukiwekwa chini.

"Basi jioni uende mapema," akasema. "Hapendi kungoja."

Halafu nikamsikia akimwambia Sista alete hiyo sindano, mtoto atamshika yeye mama yake.